Kaburi la Marwa

Nikiwa msichana mdogo wa kuchunga mbuzi, nilikuwa na kaburi langu la kufagia. Jumamosi wenzangu walifua sare za shule na kusuguana miguu mtoni. Mimi nilifua ya kwangu haraka haraka, nikachukua ufagio, nikaenda pembeni ya zizi kumfagilia baba yangu. Kaburi lenyewe lilikuwa mawe mawili na kipande cha ardhi kisichozidi mkeka. Nililipenda sana. Mtoto asiye na baba hata mawe huyapenda.

Hapo ni kijijini kwetu, wilaya ya Tarime, si mbali na Nyakunguru kunakochimbwa dhahabu. Siku hizi nakaa Nkende, mjini, nashona nguo. Mara nyingi mteja anayesubiri pindo la kitenge chake huanza habari za misiba, maana huku kwetu misiba haikauki, na mazungumzo yakifika kwenye ufufuko wa wafu mimi huinamia cherehani nikanyamaza. Si kwamba sina la kusema. Ninalo, ila ni refu mno kwa mtu anayesubiri pindo.

Nianze na Bibi. Aliitwa Bhoke, mwanamke mfupi, mweusi tii, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walioko mlima wa pili. Alizaa mabinti, mabinti wakaolewa mbali, mume wake akafariki, na mtoto wa kiume hakujaliwa. Kwetu Wakurya, wakati ule na hata sasa, nyumba ya mwanamke asiye na mtoto wa kiume huhesabiwa kuwa moto unaosubiri kuzimika. Lakini mila hizo hizo, ambazo watu wa mbali hupenda kuzisema vibaya, zilikuwa zimemwachia mlango. Unaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke anatoa ng'ombe za mahari, anaoa msichana, na msichana yule anakuwa mkamwana wake, yaani mke wa yule mtoto wa kiume ambaye hakumpata. Watoto watakaozaliwa, awaye yote aliyewazaa, ni wa nyumba hiyo, na wanabeba jina la mtoto yule. Bibi alimwoa mama yangu kwa njia hiyo. Mtoto wa kiume ambaye hakumpata alimpa jina la Marwa. Ndiyo sababu mimi naitwa Robi Marwa.

Hayo nayajua leo. Wakati ule nilichojua ni kwamba baba yangu anaitwa Marwa na kwamba hayupo. Wazazi wa watoto wengi walikuwa hawapo, wengine wamekufa, wengine wako machimboni, kwa hiyo sikuona ajabu yoyote. Ajabu ilianza nilipoanza mafundisho ya ubatizo.

Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Adela, mwalimu wa serikali aliyeletwa kwetu kutoka Songea. Siku za wiki alitufundisha hesabu, Jumapili mchana alitufundisha habari za Mungu kwenye kigango chetu, kanisa la mabati lililokuwa bado halina sakafu. Kikurya hakukijua, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kuunga unga, lakini alikuwa na subira. Siku moja alituambia kwamba wafu watafufuka. Parapanda italia, watu watatoka makaburini, na walio wa Mungu wataingia katika uzima usiokwisha. Nilirudi nyumbani mbio, nikamkuta Bibi anapepeta ulezi, nikamwaga habari yote kabla hata sijameza mate.

Bibi alikuwa anakwenda kanisani kila Jumapili bila kubatizwa. Ukimuuliza sababu alisema anasikiliza kwanza. Alikuwa amesikiliza tangu kabla sijazaliwa. Sasa aliweka ungo chini.

"Wataamka wote kwa pamoja?"

"Mwalimu anasema parapanda ikilia tu, wote watatoka."

"Hawatatoka ovyo," alisema Bibi. "Mbuzi ndio hutoka ovyo. Wataamka boma kwa boma. Mwenye boma mbele, wake zake nyuma, na watoto. Watapita kwenye lango la zizi. Malaika atauliza, hawa ni wa nani? Mwenye boma atajibu, ni wangu. Basi, wanapita."

"Na wale ambao hawana mtu mbele?"

Bibi alitema tumbaku pembeni. "Hao watasubiri."

Hivyo ndivyo tulivyoamini nyumbani kwetu, nusu mafundisho ya Mwalimu Adela, nusu mazishi yetu wenyewe. Kwa sababu kwetu mtu huzikwa nyumbani, na mwenye boma huzikwa karibu na zizi lake, hesabu ya Bibi iliniingia akilini kuliko ile ya kanisani. Nilianza kuhesabu watu wa boma letu. Babu alikuwa na kaburi, lakini Babu alikuwa na wake wengine na wana wa kiume wa kutosha, hao ndio watakaomfuata. Nyumba yetu ilikuwa Bibi, Mama na mimi. Mbele yetu ni nani?

"Baba yangu yuko mbinguni?" niliuliza.

Bibi alikuwa ameshaurudia ungo wake. "Kama hapa hayupo, atakuwa huko."

"Sasa kaburi lake liko wapi? Mwalimu amesema wanatokea makaburini."

Alitazama huku, akatazama huku. Kisha akanyoosha kidevu kuelekea zizini, penye mawe mawili. "Pale."

Sasa mimi mwenyewe nina watoto, na najua jinsi swali la mtoto linavyoweza kukubana wakati kazi iko mkononi. Unajibu lolote ili lipite. Hukumbuki kwamba mtoto hulala na jibu lako na kuamka nalo. Wiki ile ile nilianza kufagia. Nilikuwa nikimaliza nachuchumaa hapo na kumwambia Marwa habari zangu, nani amenipiga shuleni, mbuzi gani amezaa, halafu nasali sala tuliyofundishwa ya kuwaombea marehemu. Nilimsihi asichelewe kuamka siku ya parapanda, maana Bibi hapendi kusubiri.

Novemba ikafika na mvua zake. Mwezi huo Wakatoliki huwaombea marehemu, na kwa kuwa makaburi ya kwetu yako majumbani, wanajumuiya walipita boma kwa boma wakisali na kunyunyizia maji yaliyobarikiwa na padri. Padri alikuwa na vigango vingi, hivyo Mwalimu Adela ndiye aliyeongoza. Walipofika kwetu ilikuwa asubuhi ya ukungu, akina mama wamejifunga vitenge, watoto nyuma yao. Mzee Matiko, mdogo wake Babu, alikuwa amejiunga nao kwa sababu alipenda nyimbo. Bibi alisimama mlangoni kwake.

Walisali penye kaburi la Babu. Walipotaka kuondoka nilimshika Mwalimu mkono.

"Na baba yangu, Mwalimu."

"Yuko wapi baba yako?"

Nikamwongoza mpaka zizini. Kaburi langu lilikuwa linang'aa kwa usafi, na nililiwekea maua ya njano ya porini. Niligeuka kumtazama Bibi, nikamwona amesimama pale pale, mkono umeshika mwimo wa mlango. Mwalimu alipiga magoti kwenye tope bila kujali sketi yake. Alimwombea Marwa kwa moyo wote, pumziko la milele, mwanga wa milele, akina mama wakaitikia, na mimi nilijisikia mkubwa kama mtoto mwenye ng'ombe. Kisha akanyunyizia maji.

"Mwalimu, acha!" alipiga kelele Mzee Matiko.

Watu wote waligeuka.

"Hapo hakuna mtu. Huyo Marwa hajafa, bwana. Hata kuzaliwa hajazaliwa! Mke wa kaka yangu hakupata kijana, hilo ni jina tu la nyumba." Alinyoosha kidole kwenye yale mawe. "Nilidhani mnapita tu, kumbe mnamwaga na maji! Kaburi lisilo na mtu hutafuta mtu. Mnataka sasa limchukue nani hapa?"

Akina mama walirudi nyuma hatua kadhaa, na wale waliokuwa karibu na maua wakavuta vitenge vyao. Dada mmoja wa kwaya alicheka, akaziba mdomo. Nilimtafuta Bibi kwa macho, nikitegemea atamjibu shemeji yake kwa ile sauti yake ya mlima wa pili. Bibi aligeuka akaingia ndani na kufunga mlango. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Ningeweza kuwavumilia watu wote kama Bibi angesimama.

Mzee Matiko mwenyewe aling'oa yale mawe, akayatupa nje ya ua, akachukua jembe na kuchimbua ardhi mpaka maua yangu yakapotea kwenye udongo. Sikumchukia, na simchukii leo. Alikuwa mzee mwoga wa mauti, na alifanya kile alichoamini kitatuokoa.

Nilimfuata Mama jikoni. Alikuwa anapukuchua mahindi na hakuinua uso.

"Mama, baba alizaliwa?"

"Hapana."

"Sasa wewe uliolewa na nani?"

"Na jina," alisema Mama. Akaona huzuni yangu, akajaribu mzaha, maana Mama alikuwa mtu wa mizaha ya chini chini. "Jina halinywi pombe, Robi. Wala halinipigi. Wenzangu wengi wananionea wivu." Nilipoanza kulia aliacha mahindi, akanivuta kwake. "Wewe ulizaliwa. Mimi nilikuwepo."

Baadaye, nilipokuwa mkubwa, aliniambia kwamba kulikuwa na mtu, mchimbaji wa dhahabu aliyetoka upande wa Kahama, mcheshi, mwenye kujua kuimba, na kwamba aliondoka na wachimbaji wenzake kabla sijaanza kutambaa. Kwa mila hakuwa na neno juu yangu, wala mimi juu yake. Sikuwahi kumtafuta. Siku ile sikuwa nalilia mtu aliyenizaa. Nilimlilia yule niliyekuwa nikimfagilia.

Shuleni jina likanifuata, binti wa mawe. Watoto wana akili kali katika mambo ya namna hiyo. Nikaacha kwenda kwenye mafundisho, na Mwalimu Adela aliponishika mlangoni mwa darasa akiniuliza kwa nini, nilimwambia sitaki kubatizwa. Akaniuliza tena, nikamjibu ukweli wangu wote: "Sitaki kufufuka."

Nadhani ni wachache waliowahi kumwambia mwalimu wa dini neno kama hilo. Lakini fikiria hali yangu. Niliamini kwamba siku ile maboma yote ya Tarime na Serengeti yatapita langoni, na sisi watatu, wanawake watupu, tutabaki tumesimama nje tukiulizwa ni wa nani. Heri kulala. Aliyelala haulizwi kitu.

Habari zilimfikia Bibi, sijui kwa Mwalimu au kwa Mama. Tangu siku ya maji ya baraka alikuwa hasemi sana. Jumapili moja mchana mvua ilipokatika alichukua fimbo yake, akafunga kitambaa kichwani, akaniambia neno moja tu: "Twende."

Tulimkuta Mwalimu Adela kwenye nyumba za walimu, anachagua mawe kwenye mchele barazani. Alisimama haraka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwalimu, umemfundisha huyu mtoto habari ya kuamka. Sasa hataki kuamka. Mrekebishe."

Mwalimu alituketisha, akaniomba nieleze kinachonisumbua. Nilieleza yote, boma kwa boma, lango la zizi, malaika na swali lake. Mwalimu alisikiliza kwa mshangao uliozidi kukua.

"Nani amekufundisha hivyo?"

Nilimtazama Bibi. Bibi alikuwa ameanza kuyakagua mabati ya Mwalimu kama mtu anayetaka kuyanunua.

Mwalimu alielewa, na kwa heshima yake hakucheka. Alisema kwamba hata Yesu aliwahi kuletewa swali la namna hiyo. Palikuwa na mwanamke, mume wake akafa bila mtoto, akarithiwa na ndugu wa mume, naye akafa, mpaka ndugu saba wote wakamalizika. Watu wakauliza, siku ya kufufuka atakuwa mke wa nani?

Bibi aliusogelea mkeka wa Mwalimu. Habari ya mjane kurithiwa na shemeji aliijua vizuri kuliko Mwalimu. "Hilo ni swali la watu wenye akili," alisema. "Akajibuje?"

"Alisema huko hakuna kuoa wala kuolewa."

"Hakuna kuoa?"

"Hakuna, Bibi."

"Na ng'ombe nilizotoa?"

"Ng'ombe ni mambo ya huku duniani."

Bibi alisimama. Sijawahi kuisahau sauti yake, haikuwa ile ya kuitia ng'ombe, ilikuwa ya chini. "Kwa hiyo mama yake si mkamwana wangu. Na huyu si mjukuu wangu. Nimeijenga ile nyumba kwa mgongo wangu huu, Mwalimu. Nife, niamke, niambiwe haikuwa nyumba?"

Mwalimu Adela alishika ungo wake bila kujua. Alikuwa binti mdogo tu, sasa naliona hilo, pengine hakuwa amefika umri alio nao mtoto wangu mkubwa leo. "Sijasema hamtajuana, Bibi," alisema polepole. "Nimesema hawaoi."

Nami nikapenyeza swali langu. "Na Marwa atafufuka?"

"Asiyezaliwa hakufa, mwanangu. Hana pa kufufukia."

"Na sala zangu je?"

Alifikiri. "Zilifika kwa Mungu. Yeye anajua wa kumpa." Kisha akaongeza, kama mtu anayetafuta kitu cha kumfariji mtoto mfukoni mwake, "Hata wale akina mama wa kwanza, asubuhi ile ya Pasaka, walikwenda kaburini wakakuta hakuna mtu."

"Lakini yule alikuwepo kwanza," nilisema.

Mwalimu alinitazama. "Ndiyo," alisema. "Yule alikuwepo kwanza."

Nimekutana na watu wengi wa dini tangu hapo, wenye majibu ya kila kitu. Nampenda Mwalimu Adela mpaka leo kwa sababu hakunidanganya hapo mwishoni. Aliacha jambo lilivyo.

Tulirudi nyumbani Bibi akiwa mbele, anatembea haraka, fimbo inachimba tope. Nilijua amekasirika na nilimfuata kwa mbali. Tulipofika kwenye kilima kabla ya mto alisimama ghafla, nikadhani amechoka.

"Hakuna kuoa wala kuolewa," alisema, si kwangu.

Akaketi kwenye ukingo wa njia, kwenye majani mabichi. Niliketi kando yake. Tulikaa hivyo mpaka ng'ombe za watu zikapita na mchungaji wao akatuamkia na kuondoka.

"Robi. Unajua nimeulizwa mara ngapi, kijana wako yuko wapi?"

Nilitikisa kichwa.

Akaniambia. Waliuliza siku ya msiba wa Babu, wakati wa kuwataja wana wa marehemu. Waliuliza kila mpaka wa shamba ulipogombaniwa. Ulipofika msimu wa tohara, akina mama wenye vijana walicheza njia nzima wakipiga vigelegele, na yeye alibaki nyuma kusaga ulezi wa pombe yao. Hata walipokuwa hawaulizi kwa mdomo waliuliza kwa macho. Kwa hiyo aliona afadhali awe na jibu. Alimtaka mtoto yule mpaka akampa jina, na jina lilipomkaa vizuri mdomoni akaona vibaya kuliacha hivi hivi bila mke na bila watoto.

"Sasa Mwalimu anasema huko hakuna kuoa," aliendelea. "Kama hakuna kuoa, hakuna mahari. Hakuna mrithi. Hakuna nyumba ya aliyepata na nyumba ya aliyekosa." Alinigeukia, na uso wake ulikuwa na kitu nisichokijua, kama mtu aliyesikia habari ya ndugu aliyedhaniwa amepotea. "Sasa nani ataniuliza? Robi, hakuna atakayeniuliza!"

Akacheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, halafu machozi yakaanza, na sikuwahi kumwona Bibi analia, hata kwenye misiba, ambako yeye ndiye aliyewapangia wengine zamu za kulia. Nikamwokotea kitambaa.

"Na mbele yetu atasimama nani?" niliuliza, maana mtoto hung'ang'ania lake.

"Hakuna mbele," alisema Bibi. "Utanishika mkono."

Nikamshika hapo hapo, kama kujaribu. Tulishuka mpaka mtoni hivyo hivyo. Hofu yangu yote ya lango la zizi ilibaki kwenye kilima kile, na mpaka leo haijanirudia.

Jumatatu ya Pasaka iliyofuata tulibatizwa wote wawili. Padri alizungumza na Bibi faragha kwanza, maana habari ya nyumba ntobhu si ndogo mbele ya kanisa. Sijui walisema nini. Sisi tuliokuwa nje tulimsikia padri akicheka, kisha wakatoka, na padri alikuwa anajifuta miwani. Jina la ubatizo Mwalimu Adela alimpendekezea Elizabeti, aliyejaliwa mtoto uzeeni. Bibi alikataa. "Huyo alipata kijana. Nipe jina la ambaye hakupata." Mwalimu akafikiri sana, akamwambia kuna Magdalena. Bibi akalionja jina hilo mdomoni, akasema litafaa.

Padri alipomuuliza mbele ya watu kama anasadiki ufufuko wa wafu, Bibi alijibu kwa sauti yake ile kubwa, "Nasadiki!" Halafu akaongeza kitu kwa Kikurya, na akina mama wakaguna. Padri, ambaye alikuwa mtu wa Bukoba, akauliza amesema nini.

"Anasema," akatafsiri Mama kutoka benchi la nyuma, huku akiona haya, "anasadiki, ila yeye na huyu msichana wataamka pamoja. Anakuomba usiwatenganishe."

"Mama, si mimi ninayeamsha," alisema padri.

"Basi umwambie anayeamsha," alijibu Bibi, na padri akamwagia maji.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alifariki wakati wa mavuno, mimi nikiwa nimeshamaliza shule na kujifunza cherehani. Mzee Matiko, ambaye sasa alikuwa hoi kwa uzee, alitikisa kichwa kwenye msiba akisema, si niliwaambia, kaburi lile limempata mtu wake. Lilikuwa kaburi lenye subira sana. Lakini ni yeye huyo huyo aliyewafokea vijana waliotaka kumzikia Bibi pembezoni mwa shamba, akaonyesha kwa fimbo mahali pa heshima ndani ya boma, na udongo ulipoanza kumwagwa alilia kuliko sisi.

Tangu hapo nimesikia mahubiri mengi kuhusu mbinguni. Wanatuambia barabara zake ni za dhahabu. Hilo halinivutii. Sisi wa huku tumeona dhahabu inavyowafanya watu, tumewazika vijana waliofunikwa na mashimo yake, na sidhani Mungu anahitaji kutengeneza barabara kwa kitu ambacho kimetuletea vilio vingi hivyo. Wengine wanasema tutaimba mchana na usiku. Bibi hakujua kuimba. Padri mmoja niliyemsimulia habari hii alitabasamu akaniambia kwamba mafumbo hayo ni makubwa kuliko akili zetu, na nadhani alisema kweli, ila alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Mimi mbingu ninayoitegemea ni ile aliyoiona Bibi akiwa ameketi kwenye majani mabichi, mahali ambapo mwanamke atafika mikono mitupu na hakuna atakayemuuliza amekuja na nani. Neno lililomkasirisha barazani kwa Mwalimu ndilo lililomfungua njiani, na hajawahi mtu kunieleza Injili vizuri kuliko yeye alivyocheka siku ile. Nisipoamini kitu kingine chochote, hilo naliamini, kwa sababu nilikuwepo.

Na kuamka hakunitishi tena. Bibi alikuwa mtu wa kuamka kabla ya jogoo, na alichukia sana mtu anayelala mpaka jua linamchoma. Siku ile atakuwa ameshaamka kabla ya parapanda, amejifunga kitambaa chake, na atakuja kunitikisa bega kwa ule mkono wake mgumu. "Robi! Bado umelala?" Nilipokuwa mdogo nilinung'unika kila asubuhi. Siku hiyo sitanung'unika.